Redio na ramani kwenye gari la kulala: njia nne za kufunga, na kila moja inamfaa nani

Gari la kulala lina tabia yake: redio husikilizwa zaidi likiwa limesimama kuliko likiwa barabarani. Mmefika kambini, maji ya chai yako jikoni, mvua inapiga juu ya bati, na mtu anataka kusikia matokeo ya mpira au taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ramani nayo unaihitaji hasa pale mnara wa simu unapoishia. Wengi wakifika madukani Kariakoo huulizia kwanza ukubwa wa kioo. Mimi huanza na maswali mawili. Umeme utatoka wapi gari likiwa limezimwa? Na nitaijuaje njia mtandao ukikata?

Ninaposema gari la kulala namaanisha Coaster iliyotolewa viti ikawekwa kitanda, jiko na tenki la maji. Noah au Hiace yenye godoro nyuma. Au Land Cruiser yenye hema juu ya kerieli. Mengi ya magari haya yametumika Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, na hilo peke yake linabadilisha hesabu ya redio, kama utakavyoona.

Njia nilizoziona zikitumika, na nyingine nimezitumia mwenyewe, ni nne: kubaki na redio ya Kijapani iliyokuja na gari na kutegemea simu kwa ramani, kufunga redio ya skrini ya Android, kufunga redio inayoonyesha simu yako kwenye kioo chake, yaani ya Apple CarPlay na Android Auto, na kununua kifaa cha GPS kinachojitegemea, kama Garmin, huku redio ikibaki ya kawaida.

Vigezo vya kupimia

*Umeme.* Hapa ndipo pesa nyingi huungulia. Noah, Hiace na Land Cruiser nyingi zina volti 12. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani zina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, na redio nyingi za madukani ni za volti 12. Ukiichomeka moja kwa moja, inaungua. Fundi wa kwanza aliyenifungia redio kwenye Coaster alilijua hilo, akapita njia ya mkato: alivuta waya kutoka katikati ya zile betri mbili, akapata volti 12 bila kununua chochote. Redio ilipiga vizuri sana. Lakini betri moja ikawa inanyonywa kila jioni huku mwenzake imepumzika, na altaneta inazichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa. Miezi minne baadaye, asubuhi moja tukiwa kambini upande wa Ruaha, nilipozungusha ufunguo starta ililia "tik" mara moja ikanyamaza. Nilizipima kwa mita: moja ilisoma volti 12.6, ya pili 10.1. Tulikaa pale hadi mchana tukisubiri gari la kutuvuta.

Kwa hiyo mwenye Coaster aweke kwenye bajeti konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12, au, bora zaidi, betri ya tatu ya volti 12 kwa ajili ya nyumba peke yake, yaani vifaa vya kuishi na si kuwashia gari, inayochajiwa na sola. Kamera ya nyuma nayo isisahaulike. Mafundi wengi huipa umeme kutoka taa ya rivasi, na taa ya rivasi ya Coaster ya volti 24 itaiunguza kamera ya volti 12 siku ile ile.

Halafu kuna hesabu ya kukaa. Redio inayovuta ampea 1.5 kwa saa 6 za jioni inakula ampea-saa 9. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia, na friji ndogo pekee inaweza kula nusu yake na zaidi kwa siku. Tisa si nyingi, ila si za kudharau ukikaa siku tatu chini ya mawingu.

*Masafa ya FM.* Redio za Japani zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hufika 95. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108.

*Ramani bila mtandao.* Watu wengi wanaamini GPS inakula bando. Haili. Simu husoma satelaiti moja kwa moja. Kinachokula bando ni mchoro wa ramani wenyewe unaoshuka kutoka mtandaoni. Ukiwa umeupakua mapema, unaweza kuvuka Katavi na simu isiyo na laini kabisa.

*Barabarani.* Kioo kinasomeka juani? Unaweza kukigusa gari likipita kwenye rasta bila kubonyeza kitu kingine? Kinakuonyesha mwendo wako? Hili la mwisho lina thamani yake, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50 na baada ya kibao mara nyingi kuna tochi.

*Fedha na fundi.* Bei ya kununua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nani atakutengenezea ikizima Sumbawanga.

Njia ya kwanza: redio ya Kijapani na simu

*Umeme.* Hapa inaongoza, kwa kuwa ilitengenezwa kwa gari lile lile na volti zake ziko sawa tangu kiwandani. Shida ni kwamba inawaka kwa ufunguo, na ufunguo ukiwa umewashwa inakula betri ya kuwashia gari. Tahadhari nyingine: redio nyingi za Toyota za Kijapani zenye ramani hujifunga betri ikitolewa, kisha zinadai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Nyingine hazifunguki bila kadi ya SD ya ramani, na kadi hiyo mara nyingi ilishachomolewa kabla gari halijapanda meli. Ukikuta redio inafanya kazi, usimruhusu fundi achomoe betri kabla ya kuhakikisha namba unayo.

*Masafa.* Hapa ndipo inapopungua. Utahitaji ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa: kama kinashusha kwa megahezi 14, stesheni ya 100.0 utaikuta kwenye 86.0. Lakini redio inayoishia 90 itafika mwisho kwenye stesheni ya 104, na zilizo juu ya hapo hazipatikani. Usikivu nao unapungua kidogo, na mjini stesheni mbili zinaweza kupandana. Kwa mtu anayesikiliza stesheni mbili tatu anazozijua, inatosha kabisa.

*Ramani.* Ramani ya ndani ni ya Japani, na haibadilishwi kuwa ya kwetu. Ramani itakuwa kwenye simu: Google Maps iliyopakuliwa kwa eneo unalokwenda, au Organic Maps na OsmAnd, ambazo hutumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na hukuruhusu kupakua nchi nzima. Ndani ya hifadhi nimeona mara nyingi hizi mbili zikiwa na vinjia ambavyo Google haina. Google inashinda mijini na katika majina ya maduka na nyumba za wageni.

*Barabarani.* Simu iwe kwenye kishikio imara, chini ya usawa wa macho, mbali na jua la moja kwa moja. Simu iliyobanwa kwenye kioo cha mbele saa saba mchana huku inachajiwa hupata joto hadi ikapunguza mwanga au ikazima. Mimi huibana mbele ya tundu la hewa ya AC.

*Fedha na fundi.* Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Ekspanda anaifunga fundi yeyote wa redio kwa muda wa kunywa soda.

Njia ya pili: redio ya skrini ya Android

Hizi ndizo zimejaa madukani sasa, za inchi 7, 9 na 10, nyingi zikiwa na majina ambayo hutayakuta mwaka ujao. Nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazouzwa kwa maneno mengi zaidi.

*Umeme.* Ni kompyuta ndogo, kwa hiyo inavuta zaidi ya redio ya kawaida, na nyingi hazizimiki kabisa: hulala ili ziamke haraka. Waya wa njano ndio unaoipa umeme wa kudumu, mwekundu unafuata ufunguo, mweusi ni ardhi. Kama kifaa kikilala kinavuta miliampea 100, kwa siku 10 gari likiwa uani kimekula ampea-saa 24. Mwambie fundi apime waya wa njano kwa mita redio ikiwa imezimwa, mbele yako, kabla hujalipa. Kwenye gari la kulala mimi napeleka waya wa njano na mwekundu kwenye betri ya nyumba kupitia swichi moja na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Kila nikiiwasha inaanza upya na inachukua nusu dakika, lakini nikiizima najua imezima.

*Masafa.* Zinapokea 87.5 hadi 108, ila mara nyingi kipokezi chake ni dhaifu. Kabla ya kuilaumu, angalia waya wa buluu. Antena nyingi za Toyota zilizochorwa kwenye kioo zina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme, na usipounganishwa redio inakamata stesheni za jirani tu. Halafu ingia kwenye mipangilio uchague eneo la Ulaya badala ya Marekani. Mpangilio wa Marekani hurukia namba witiri peke yake, 88.1, 88.3, 88.5, kwa hiyo stesheni ya 88.4 huipati vizuri hata ukiwa chini ya mnara wake.

*Ramani.* Hapa ina nguvu ya kweli. OsmAnd au Organic Maps inawekwa ndani ya redio yenyewe, ramani ya Tanzania, Kenya na Zambia zikakaa humo, na simu ikabaki mfukoni. Antena yake ya GPS ni kile kijiboksi cheusi chenye sumaku. Kiwekwe juu ya dashibodi karibu na kioo, kwa sababu mafundi wenye haraka hukisukuma nyuma ya redio, kati ya mabati, halafu mshale wa gari unaruka mashambani.

*Barabarani.* Kioo ni kikubwa na kamera ya nyuma inaonekana vizuri, jambo la maana kwa Coaster yenye urefu wa karibu mita 7. Lakini kila kitu ni cha kugusa, na sauti isiyo na kitufe cha kuzungusha inachosha kwenye barabara ya changarawe. Tafuta yenye kitufe. Vioo vingi vya bei ndogo hufifia jua likiingia kwa pembeni.

*Fedha na fundi.* Bei ni ya kati, lakini namba zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini peke yake: kuna vifaa vilivyochezewa ili mipangilio ionyeshe RAM kubwa kuliko iliyomo. Fungua ramani na muziki kwa pamoja pale dukani, uzungushe ramani kwa kidole dakika tano. Ikikwama dukani, porini itakwama zaidi. Pima pia tundu la dashibodi. Toyota nyingi za Kijapani zina tundu la milimita 200 kwa 100, wakati redio za kawaida ni 180 kwa 100, na pengo hilo linahitaji fremu.

Njia ya tatu: redio inayoonyesha simu

*Umeme.* Inavuta kiasi, na ikizimwa inazima kweli. Kampuni zinazojulikana kama Kenwood, Pioneer, Sony na JVC huandika mahitaji ya umeme kwenye kitabu, na mara nyingi kitabu husema kweli.

*Masafa.* Kwa masikio yangu ndiyo inayosikika vizuri kuliko zote nne. Kama iliingizwa kutoka Marekani, badilisha eneo kama nilivyosema juu. Mawimbi ya AM nayo huathirika: Marekani huruka kilohezi 10, kwetu ni 9.

*Ramani.* Redio haina ramani. Kila kitu kiko kwenye simu. Google Maps iliyopakuliwa inafanya kazi, Organic Maps na OsmAnd nazo zinaweza kuonekana kwenye kioo. Simu ikianguka ndani ya maji, umepoteza ramani na muziki kwa wakati mmoja. Anayesafiri na mwenzake mwenye simu ya pili iliyopakuliwa ramani zile zile hana haja ya kuwa na hofu.

*Barabarani.* Ndiyo rahisi kuliko zote kutumia. Vitufe ni vikubwa, maneno ni machache, na hushiki simu mkononi, jambo ambalo ni hatari na ni kosa.

*Fedha na fundi.* Ni ghali kuliko Android ya inchi zile zile, na kioo mara nyingi ni kidogo. Inadumu. Jihadhari na bandia zenye majina yanayofanana.

Njia ya nne: GPS inayojitegemea na redio ya kawaida

*Umeme.* Redio ndogo isiyo na skrini kubwa haina matata. GPS ina betri yake ya muda mfupi na inachomekwa kwenye tundu la kiberiti. Kwenye Coaster, pima tundu hilo kwanza, kwa sababu linaweza kuwa la volti 24.

*Masafa.* Redio mpya ya kawaida yenye USB na Bluetooth inapokea FM yote na ina kitufe cha kuzungusha. Usiku kwenye giza unaipata kwa vidole bila kuwasha taa.

*Ramani.* Garmin yenye ramani za Tracks4Africa ni chombo cha watu wa porini. Ramani hizo zimejengwa kutokana na nyayo za GPS za wasafiri waliopita kweli, kwa hiyo muda wa safari unaokadiriwa unalingana na hali ya barabara. Kilomita 60 za udongo haziandikwi kama kilomita 60 za lami. Njia kama ya Marsabit kwenda Loiyangalani kupitia jangwa la Chalbi ndiyo inayoonyesha tofauti. Kuna pia Garmin za familia ya Camper ambazo unaziingizia urefu, kimo na uzito wa gari zikuepushe na madaraja mafupi, ambayo gari refu kwa kimo halipiti chini yake. Zinafanya kazi pale tu ambapo ramani ina vimo vya madaraja, na kwetu madaraja mengi hayajaandikwa. Usiache kutazama juu.

*Barabarani.* Kioo kinasomeka juani na hakipati joto haraka kama simu. Upungufu ni kwamba hakijui foleni ya Kimara wala ya barabara ya Mombasa, na alama ya kile kinyonyaji kwenye kioo cha mbele humwambia mwizi kuwa kuna kitu ndani. Ifute.

*Fedha na fundi.* Kifaa na ramani vinalipiwa mbali mbali, na kikiharibika ni wachache wa kukitengeneza. Redio, kwa upande mwingine, utaipata mji wowote.

Neno moja kwa walioko Ulaya wanaokodi au kununua gari-nyumba la Fiat Ducato: umeme ni volti 12, hivyo shida ya konvata haipo. Ninyi mtazame DAB+, yaani redio ya kidijitali, kwa sababu Norway ilifunga FM ya kitaifa mwaka 2017 na redio isiyo na DAB+ huko itakuwa na machache ya kusema. Ile Garmin ya Camper, ambayo kwetu haitumiki kikamilifu, kwenu ina maana kubwa, kwani madaraja mafupi na mipaka ya tani 3.5 vimeandikwa kwenye ramani.

Uko wapi kati ya hawa?

Unalala Bagamoyo, Lushoto na Iringa, wikiendi mbili kwa mwezi, na barabara ni lami: baki na redio ya Kijapani, nunua ekspanda na kishikio kizuri cha simu. Pesa iliyobaki nunulia betri ya nyumba.

Una Coaster, familia ina watoto, na unahitaji kamera ya nyuma kila unapoingia kambini: Android ya skrini kubwa inakufaa, pamoja na konvata iliyofungwa na fundi anayekubali kupima mbele yako. Kama huna konvata bado, usinunue redio mwezi huu.

Unaendesha peke yako masafa marefu, Dar hadi Mbeya na kuendelea Tunduma, unapiga na kupokea simu za kazi njiani: redio inayoonyesha simu itakupunguzia uchovu. Pakua ramani nyumbani kwenye Wi-Fi.

Unakwenda Katavi, Chalbi au nyuma ya Ziwa Natron, siku mbili bila kukutana na gari: GPS inayojitegemea, redio ndogo, na simu yenye OsmAnd kama akiba. Hapo ramani mbili tofauti ni usalama wa familia.

Na kama gari bado liko bandarini, subiri lifike. Funua kifuniko cha betri, uhesabu kama ni moja au mbili, soma volti, kisha pima tundu la dashibodi kwa rula. Piga picha ya nyaya zilizo nyuma ya redio kabla fundi hajagusa chochote, na uende dukani na picha hiyo.